Fomeni Kaloki Achagua Mashine

Watu wakinisikia nikitukana punda hudhani nina roho mbaya. Sina. Lakini nyinyi hamkuletewa punda wawili mkaambiwa ni mitambo, mkatakiwa kuwapokea, kuwatilia sahihi na kuwalaza katikati ya makopo ya rangi. Mimi yalinikuta. Naitwa Biasha, nilikuwa mtunza stoo wa idara ya ufundi katika hoteli moja hapa Diani, na mambo haya yalitokea mwaka wa tisini na tisa, watalii walipokuwa wakianza kurudi kidogo kidogo baada ya vurugu na mvua za Elinino. Punda nitawafikia. Kwanza niwape habari za Kaloki, kwa sababu kisa ni chake, na mimi nikianza na punda nitapandwa na hasira nisimalize.

Kaloki Munee alikuwa fomeni wetu. Mkamba wa Shimba Hills. Baba yake alipata shamba la skimu ya serikali ya kugawia watu ardhi huko juu, akamleta Kaloki akiwa bado anabebwa mgongoni, basi Kidigo alikizungumza na bibi zetu vizuri kuliko wanangu mimi. Alifanya kazi Ramisi kwenye mitambo ya sukari mpaka kiwanda kikafungwa, ndipo akahamia hotelini. Mtu mpana, sauti nzito ya kwaya, miwani ameifunga kwa uzi wa kuvulia. Viatu alivipaka mafuta ya nazi kila asubuhi ving'ae, hata siku ya kuzibua choo. Ukimwambia, "Mzee Kaloki, leo umependeza," atakujibu, "Leo tu?" Alijipenda, Mungu ampe afya, na kwa utani hakuna aliyemweza ila Luqman.

Luqman alikuwa fundi wa umeme, kijana wa Msambweni, ulimi kama wembe. Wa tatu alikuwa Ami Abdurahman, fundi wa mabomba, mtu mzima, mpole, anayesinzia na spana mkononi. Tulikuwa Wadigo na Wakamba chini ya paa moja, na tuliishi kwa utani. Utani wetu ulikuwa na sheria. Mtani wako akikurushia neno, hukasiriki wala hukatai. Unalipokea, unalitia chumvi, unamrudishia. Ukikataa au ukinuna umeshindwa, na chai ya siku hiyo ni juu yako. Kila mkutano wetu ulianza hivyo hivyo: kwanza tunataniana mpaka mbavu ziume, kisha fomeni anakohoa, tunanyamaza, ndipo maneno ya kweli yanaanza. Kikohozi kile kila mtu alikijua.

Sasa kisima. Nyuma ya chumba cha dobi palikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yote ya hoteli yalitoka humo. Pampu yake ilikuwa ya kizamani, haiwezi kuvuta maji kutoka juu, kwa hiyo ilikaa huko huko chini, juu ya jukwaa la zege karibu na maji. Ikiziba, na iliziba kila mara, lazima mtu ashuke kwa ngazi ya chuma aizibue. Mtu huyo alikuwa Kaloki. Alishusha taa ya chemli kwa kamba kwanza. Ikizimika, hewa ni mbaya, anangoja. Ikiwaka, anavua miwani, anatia mzaha mmoja, anashuka. Sisi tulisimama juu tukimchekea kichwa chake kikizama.

Siku moja nilimkuta nyuma ya stoo amekaa juu ya mfuko wa saruji. Nilimpa chai, yote ikamwagikia mapajani asishtuke.

"Biasha," akaniambia, "miguu yangu ilikufa. Nilikuwa huko chini, nikaitazama nikaona si yangu. Nimepanda kwa mikono peke yake."

"Subhanallah! Waambie wenzako, Mzee Kaloki."

"Niwaambie nini? Kwamba naogopa shimo? Luqman atanicheka mpaka nizikwe, na kaburini atakuja."

Akaniapisha nisiseme. Hata mkewe, Kaindi, hakuambiwa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: pampu ya kuzamishwa, ile unayoishusha kwa kamba ukiwa juu, ikafanya kazi ndani ya maji, ikiharibika unaivuta kama samaki. Kwa pampu hiyo hakuna mtu angeshuka tena. Iliuzwa dukani Mombasa. Siku zake za mapumziko alivuka feri akaenda kusimama mbele ya kioo cha duka akiitazama, wakati wanaume wengine wanatazama suti. Kila mwaka aliiomba. Makao makuu Nairobi yalikataa kila mwaka, kwa sababu kampuni ilikuwa na hoteli tele, kuanzia kwetu mpaka Samburu, na mashine zote zilichaguliwa huko juu, za aina moja kwa wote. Mwaka mmoja hoteli yetu ya mlimani ililalamika baridi. Basi tukaletewa na sisi mashine za kupasha vyumba joto. Diani! Mwezi wa pili! Nilizipokea mimi, nikazipanga, nikafuta jasho.

Ndipo wakubwa wapya wakaingia, na wao wakaja na dini mpya. Kuanzia sasa, wakasema, kila idara ya ufundi itachagua teknolojia yake yenyewe. Anayeitumia ndiye anayeijua. Uamuzi wa timu ni wa timu, hakuna mkubwa atakayeubadilisha, na timu itaishi na uamuzi wake mwaka mzima. Meneja wetu alitusomea tangazo hilo uso umemsawijika. Kaloki alisikiliza, akatoka nje, nikamwona nyuma ya stoo anacheza. Peke yake, viatu vinang'aa, anacheza.

"Biasha, mwaka huu sishuki!"

Makao makuu yalimleta ofisa wa kusimamia mkutano, binti wa Nairobi anayeitwa Jemima. Binti mzuri, mwenye adabu, amebeba bango la karatasi na kalamu za rangi. Alikuwa amefundishwa mambo matatu: usiicheke fikra ya timu, usiipinge fikra ya timu, na usiondoke bila uamuzi. Na siku hiyo alikuwa na hoteli nyingine mbili za kwenda kabla ya kuwahi feri.

"Hamjambo nyote? Tuko hapa kuchagua teknolojia ya maji. Leo nyinyi ndio wakubwa. Nani ako na wazo?"

Luqman hakungoja. "Mimi, madamu. Fomeni wetu ana mashine kwao Shimba Hills. Haitaki stima, haitaki dizeli, inakula majani. Kila Mkamba anazaliwa nayo. Andika punda."

Tukaangua kicheko. Macho yote kwa Kaloki, naye sheria anaijua: hukatai.

"Punda, naam," akasema, amejinyoosha. "Lakini si mmoja, madamu. Wawili. Mmoja wa kazi, mmoja wa akiba. Sisi si maskini kama Wadigo wanaovuta kamba kwa meno."

"Na wavalishwe sare ya hoteli," akasema Ami Abdurahman, amefumba macho.

"Na wapewe likizo ya uzazi!" Luqman.

"Wote madume, mtani. Wewe umewahi kuona Mkamba akinunua punda jike bila mahari?"

Hata mimi nilicheka mpaka machozi. Jemima hakucheka. Midomo ilimtetemeka, maskini, lakini aliibana, akaandika kwa kalamu ya kijani: PUNDA WAWILI, MMOJA WA AKIBA.

"Mmekubaliana wote?"

"Wote!" tukapaza sauti.

Kaloki akakohoa. Tukanyamaza. Akasema, "Sasa, madamu, tukija kwenye jambo lenyewe..."

Jambo lenyewe! Jemima alikuwa ameshakunja bango. "Jambo limeisha, mzee. Hii ndiyo timu imeamua haraka kuliko zote. Asanteni sana." Akaingia garini. Kaloki alimkimbilia mpaka lango la wafanyakazi akipunga mkono, naye binti akampungia vile vile kwa furaha.

Usidhani tulikaa kimya. Kaloki alikwenda ofisini kwa meneja siku ile ile, akapiga simu Nairobi. Mimi nilikuwa mlangoni. Akaeleza kwamba ule ulikuwa utani, kwamba kwetu mkutano huanza hivyo, kwamba timu inataka pampu. Upande wa pili kulikuwa na bwana mwenye sauti ya asali.

"Bwana Munee, tunaelewa. Unapiga kutoka ofisi ya meneja, sivyo? Yuko hapo karibu?"

"Yupo, ndiyo."

"Basi tumeelewa kila kitu. Usiogope. Tulijua mameneja watawalazimisha mbadilishe. Sisi tutaulinda uhuru wenu."

"Hapana, bwana, meneja naye anataka pampu..."

"Tunajua anataka," sauti ikasema kwa huruma, simu ikakatwa.

Wallahi tangu siku hiyo kila tulipowaandikia kwamba hatutaki punda, wao waliona ushujaa wa wanyonge wanaoonewa. Meneja alionywa kwa maandishi. Punda wakapewa kipaumbele.

Kisha ikaja idara ya ununuzi na maswali. Punda anatumia volti ngapi? Ana udhamini wa muda gani? Vipuri vinapatikana wapi? Akizimika ghafla, utaratibu wa kumwasha ni upi? Luqman aliyajibu yote kwa utani, maana hasira ilikuwa imemwisha. Kwenye kelele akaandika: nyingi alfajiri. Kwenye moshi akaandika: unategemea chakula. Yote yakapita. Kaloki hakucheka hata jibu moja, na mtu pekee aliyejua kwa nini nilikuwa mimi.

Punda wakaletwa kwa lori, pamoja na fundi wa kuwafunga. Ndiyo, fundi wa kuwafunga, na kofia yake ya chuma. Aliwazunguka, akawapiga picha, akawatundika shingoni vibati vya namba za kampuni, akanipa cheti. Halafu akasema kwamba kwa kanuni, mtambo wa zamani lazima uondolewe kabla wa mpya haujaanza, na mtambo wa maji ukiwa haufanyi kazi unalazwa stoo. Stoo yangu! Nilimwambia, "Mwanangu, hawa wanakunya." Akatazama karatasi zake, akaniambia nitafute ndoo.

Kuiondoa pampu ya zamani, nani ashuke? Kaloki alivua miwani. Safari hii alisahau kutia mzaha. Alifungua nati moja moja huko chini, sisi tukaivuta kwa kamba, naye alipotoka akakaa ukingoni muda mrefu. Nikamwinamia.

"Ndiyo ya mwisho," akaninong'oneza. "Punda hawatanishusha. Afadhali punda."

Hakujua, maskini.

Tulitengeneza roda juu ya kisima, gurudumu la kupitishia kamba, tukafunga pipa lililokatwa nusu. Punda anakwenda mbele, pipa linapanda, Ami Abdurahman anamwaga. Kwa maji hayo ungeweza kupika chai ya harusi, si kuendesha hoteli. Bwawa la kuogelea likabaki na maji ya kufika kwenye vifundo, meneja akaweka kibao kwamba ni la watoto. Watalii walifurahi ajabu, wakapiga picha, Mjerumani mmoja akatupa sisi pole na punda sukari. Na punda wale walijifunza kazi upesi mno. Hazikupita siku nyingi wakaijua kengele ya chai ya wafanyakazi. Kengele ikilia, hata kama pipa liko nusu ya njia, wao wanasimama. Ukiwachapa wanarudi nyuma. Wakirudi nyuma kamba inalegea, ndoano inafunguka, pipa linaanguka kisimani kwa kishindo cha kuamsha wafu.

Na pipa likianguka liliingia chini ya lile jukwaa la zege. Tulijaribu kuliopoa kwa nanga ya mashua, wapi! Basi ilibidi mtu ashuke. Zamani pampu ilimshusha Kaloki pengine mara moja kwa mwezi. Sasa punda walimshusha karibu kila siku ya kazi. Nilimwona akipungua. Viatu vikaacha kung'aa. Kengele ya chai ikilia, wenzake wanacheka, yeye anashika ukuta. Nikamwambia sema, Mzee Kaloki, sema, utakufa kwa ajili ya kuchekwa? Akanijibu kwamba nimeapa. Nilikasirika nikamtupia tambara.

Mpaka ile siku taa ilipozimika. Aliishusha, ikawaka vizuri, akashuka. Akiwa chini tukaona mwanga umekufa. Luqman akaita kwa mzaha, "Mtani, umelipa bili ya stima?" Kimya. Akaita tena bila mzaha. Kimya. Kisha tukasikia vyuma vya ngazi, polepole, kimoja, kingine, na mkono wa Kaloki ukatokea, wa kijivu kama saruji. Tulimvuta. Alilala kwenye majani akihema, macho kwa mbingu. Alipopata sauti akasema, "Nilikuwa naangalia kama huko chini kuna wanawake wa Kidigo. Hakuna, wote wameolewa." Wenzangu wakacheka, pumzi zikiwashuka. Mimi sikucheka. Nilikwenda stoo nikalia mbele ya punda, nao wakinitazama na vibati vyao shingoni.

Wiki hiyo hiyo Jemima akarudi kwa mkutano wa tathmini. Bango, kalamu za rangi, tabasamu.

"Nairobi wanawasifu sana. Je, timu ina jambo la kuongeza?"

Luqman kama kawaida. "Madamu, tunaomba punda wa tatu awe fomeni. Huyu wetu amezeeka, akishuka kisimani anachukua muda, nadhani ameoa huko."

Kicheko. Macho kwa Kaloki. Zamu yake ya kupokea na kutia chumvi. Akakohoa. Hatukumwelewa, maana hakuwa amerudisha neno, na hakohoi kabla ya kurudisha.

"Sikubali," akasema.



"Hukubali nini, mtani?" Luqman bado ana kicheko mdomoni. "Chai ni juu yako!"

"Iwe juu yangu. Mpaka nistaafu iwe juu yangu. Mimi naogopa."

"Unaogopa punda?"

"Naogopa kisima, Luqman. Sikuanza leo. Nikishuka naomba Mungu kila ngazi. Juzi nilipokuwa chini gizani niliwasikia mkicheka, nikataka kuita, pumzi haikutoka, nikasema moyoni, watanisubiri nitie mzaha, na mimi nitakufa wao wakisubiri. Nina mke. Nacheka kwa sababu nyinyi mnacheka. Sishuki tena, madamu. Andika unavyotaka. Nifukuzeni. Sishuki."

Alisema hivyo machozi yakishuka ndani ya miwani, mtu mpana yule. Kutoka stoo tukamsikia punda mmoja akijikuna kwenye makopo.

Ami Abdurahman ndiye aliyefumbua macho. "Na nani mwingine atashuka?" akauliza.

Tukatazama chini. Luqman akatazama chini kuliko wote.

"Mimi siwezi," akasema Luqman. "Sijawahi kushuka hata ngazi tatu. Kila ukishuka, Mzee Kaloki, mimi husema alhamdulillahi si mimi, kisha nacheka kwa nguvu ili nisisikie ukikanyaga vile vyuma. Nilidhani wewe huogopi. Wallahi nilidhani wewe unapenda."

"Ati napenda!" akasema Kaloki. "Nani anapenda shimo?"

"Basi nisamehe, mzee wangu." Na Luqman, ambaye hakuwahi kumwamkia Kaloki ila kwa kumtukania punda, akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo."

Jemima alikuwa ameweka kalamu. "Sasa niandike nini?" akauliza taratibu. "Nyinyi mmechagua punda, na mwaka haujaisha. Pampu siwezi kuandika, hiyo ni kubadilisha uamuzi. Lakini kuongeza mnaweza. Uamuzi wa kuongeza ni upi?"

Nikajibu mimi, maana hasira ilikuwa imenifika hapa. "Si umesikia? Andika hivyo hivyo! Hakuna mtu kushuka kisimani!"

Akatutazama mmoja mmoja. Tukaitikia. Akachagua kalamu nyekundu, akaandika: TEKNOLOJIA YA NYONGEZA: HAKUNA MTU KUSHUKA KISIMANI.

Ikapita. Mnashangaa nini? Punda walipita! Nairobi wakaleta pongezi, na idara ya ununuzi ikauliza teknolojia hiyo inatumia volti ngapi. Luqman akaandika hakuna. Wakafurahi kwamba inaokoa umeme.

Kengele ya chai ikalia, punda wakasimama, pipa likaanguka. Hakuna aliyeshuka. Tukafunga pipa la pili, nalo likaanguka, hakuna aliyeshuka. La tatu lilikuwa la mwisho. Hoteli ikakauka. Wageni wakapiga mswaki kwa soda, mpishi akaosha mchele kwa maji ya chupa, dobi akakaa juu ya mlima wa mashuka akisoma gazeti. Meneja akaja mbio, tai imegeukia mgongoni.

"Kaloki! Shuka!"

"Siwezi, bwana mkubwa. Teknolojia ya timu haijaniruhusu."

"Mimi ni meneja wako!"

"Ndiyo, bwana. Piga Nairobi."

Akapiga. Nilikuwa mlangoni tena, najua nilichosikia. Ile sauti ya asali ilimwambia kwamba kampuni haiwezi kuingilia uamuzi wa wafanyakazi, na kwamba hii sasa ni mara ya pili anaonywa. Alitoka ofisini akaketi kwenye ngazi za mapokezi, kichwa mikononi. Kisha akainuka, akachukua dereva, akavuka feri, akarudi jioni na sanduku la ile pampu ya kuzamishwa. Kuinunua kama mtambo wa maji hakuruhusiwa, uhuru wetu ungemshitaki. Aliinunua kwa fungu la fedha za bustani. Kwenye karatasi zilizonijia imeandikwa pambo la bustani, moja, na mpaka nilipoacha kazi lilikuwa pambo. Kaloki na Luqman walilishusha kwa kamba wakiwa wamesimama juu, wakalifunga, Luqman akawasha, na maji yakaja kwenye bomba kwa nguvu ya kumtoa Ami Abdurahman usingizini.

Mnadhani yamekwisha? Miezi michache baadaye akaja mkaguzi wa mitambo kutoka makao makuu, mtu mkavu, saa kubwa mkononi. Aliwakagua punda meno, akatia alama. Pambo likinguruma kisimani hakuliuliza, bustani si idara yake. Akafunua ukurasa.

"Hapa kuna teknolojia ya nyongeza. Hakuna mtu kushuka kisimani. Nataka kuiona ikifanya kazi."



"Ikifanya kazi vipi, bwana?" Kaloki akauliza.

"Sijui. Nyinyi ndio mafundi. Iendesheni."

Basi tukaenda kisimani, idara nzima. Tukasimama kukizunguka. Mkaguzi akatazama saa yake, akasema, "Anzeni." Hakuna aliyeshuka. Jua lilikuwa kali, kunguru walikuwa juu ya ukuta wa dobi. Nilisubiri Luqman aseme neno, maana jambo kama lile lilikuwa linaomba utani kwa magoti, lakini Luqman alikuwa ameangalia lile shimo, mdomo ameufunga, na mkono wake alikuwa ameupitisha kwenye kwapa la Kaloki akamshika imara. Ami Abdurahman alimshika upande wa pili. Kaloki alikuwa anatetemeka. Ngazi ya chuma ilikuwa pale mbele yake, vidato vimeng'arishwa na viatu vyake mwenyewe, na yeye amesimama juu, juani, pamoja na sisi.

Mkaguzi akaandika kwamba inafanya kazi vizuri. Akatuambia inatosha, tunaweza kwenda. Kaloki hakuondoka. Basi na sisi tukabaki.